Paini si mbao ya maskini

Wateja wengi wakifika karakana yangu huwa wameshaamua kabla hawajakaa kwenye benchi. Mwenye uwezo anataka mninga kila mahali, kuanzia mlango wa mbele mpaka kenchi za paa. Anayebana matumizi anaomba paini huku ameshusha sauti, na wengine wanaongeza sababu ambayo sijawauliza: "Ya chumba cha watoto tu, fundi." Mimi ni seremala hapa Morogoro tangu nitoke chuo cha viwanda vya misitu kule Moshi, na huko kushusha sauti kunaniudhi kuliko mtu anayeomba kazi kwa mkopo. Jina la mti ni swali la tatu. Kwanza niambie mbao itakaa wapi: juani, ardhini, juu ya dari au chumbani. Pili tuangalie imetoka sehemu gani ya gogo na imekauka kiasi gani. Baada ya hapo ndipo tutaje majina.

Mji wetu umekaa mahali pazuri kwa ubishi huu. Malori ya paini na milingoti, yaani mikaratusi, yanashuka kutoka Mufindi na Njombe kwa barabara ya Iringa. Mitiki iko Mtibwa, upande wa Turiani, ndani ya mkoa wetu wenyewe. Mninga na mkongo vinatoka mbali zaidi, Tabora na Katavi upande mmoja, Lindi na Ruvuma upande mwingine. Ukikaa karakana moja kwa miaka, mikono inazijua zote.

Mtaalamu wa misitu anapotenga miti migumu na miti laini, haibonyezi mbao kwa kucha. Anaangalia mti unazaaje na mbao imeumbwaje kwa ndani. Paini, saiprasi, mpodo na mtarakwa ni miti laini: haitoi maua, na mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda. Mninga, mkongo, mvule, mtiki, mlingoti, mwembe na mfenesi hutoa maua na matunda, kwa hiyo ni miti migumu. Kwa mgawanyo huo, msufi nao ni mti mgumu! Msufi huu huu ambao msumari unaingia mzima kwa pigo moja. Mbuyu pia uko kundi hilo, na sijaona seremala aliyepata ubao wa maana kwenye mbuyu. Mvinje, ule wa ufukweni kuanzia Bagamoyo mpaka Unguja, ukiuona kwa mbali utaapa ni paini. Kumbe zile zinazoonekana kuwa sindano ni vitawi vyembamba, na mbao yake ni nzito, inachosha msumeno. Ni mti mgumu kwa kila hesabu. Halafu kuna mtarakwa, mti laini wa miteremko mikavu ya Kilimanjaro na Meru na wa nyanda za juu za Kenya. Watu wanauchimbia ardhini uwe nguzo ya uzio na mchwa wanaukwepa miaka nenda rudi. Harufu yake huenda unaijua hata kama hujawahi kuuona, maana mbao yake ilichongewa penseli.

Tofauti inayonihusu mimi wa karakana unaiona ukikata kichwa cha mbao kwa patasi kali na kukilowesha kidogo. Mninga una matundu, unayaona bila miwani. Hayo ni mabomba ya kupandisha maji. Kazi ya kuubeba mti inafanywa na nyuzi nyingine, fupi na nene, zinazoyazunguka. Paini haina mgawanyo huo wa kazi. Nyuzi zile zile ndefu ndizo zinazopitisha maji na ndizo zinazousimamisha mti. Kichwa cha mbao yake kimejaa pete, na hapa na pale kuna kitobo kinachotoa utomvu unaonata vidoleni siku nzima.

Nyuzi za paini hufika milimita 3 na zaidi, wakati za miti mingi migumu ni kama milimita 1. Ndiyo maana kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiliwekwa Mufindi, jirani na mashamba ya paini ya Sao Hill. Karatasi ya mfuko wa saruji inataka nyuzi ndefu zinazokamatana, la sivyo kilo 50 zingemwagika kabla hazijafika saiti. Yale mabomba ya mninga kwangu yana habari mbili. Ukitaka meza ing'ae lazima uyazibe, kwa hiyo unapaka sandingi sila, unapiga msasa, unapaka tena. Habari ya pili inahusu wadudu, nitaifikia.

Karibuni mama mmoja anayejenga Kihonda alikuja na orodha mkononi. Kenchi mninga, papi mninga, fishaboda mninga.

"Mama yangu," nikamwambia, "huko juu ya dari nani atauona?"

"Sijali kuonwa, fundi. Paini inaliwa."

"Inaliwa ikiwa haina dawa. Na hela ya mninga wa kenchi inakutosha milango yote ya nyumba, na kabati la vyombo juu."

Hakukubali siku ile. Alirudi na kijana wake, tukapiga hesabu upya.

Mambo ya paa ni haya. Paini iliyokauka ina uzito wa karibu kilo 450 kwa mita moja ya ujazo. Mninga ni karibu 640, na mkongo hupita 700. Mzigo wote huo utalala juu ya ukuta wako kabla hujaweka bati hata moja. Kenchi inataka mbao ndefu, iliyonyooka, inayokubali msumari wa inchi 4 bila kutobolewa kwanza. Paini ya shambani inakupa mbili kwa nne ya futi 12 iliyonyooka, tena kwa wingi. Mninga wa porini hauoti hivyo. Shina lake safi mara nyingi ni fupi, na ukilazimisha urefu utapata mbao zenye mikunjo na vifundo, utaziunga ungana mpaka fundi wa kupaua akuombe radhi. Na jambo lenye uzito kuliko yote: paini inakunywa dawa, kiini cha mninga hakinywi.

Hapo kwenye dawa watu wanapigwa sana. Kiwandani mbao hufungiwa ndani ya mtungi mkubwa, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa presha mpaka iingie kwenye nyuzi. Ile rangi ya kijani inatokana na shaba iliyomo kwenye dawa. Mitaani kuna mbao za kijani ambazo hazijawahi kuuona mtungi. Zimechovywa kwenye pipa au zimepakwa rangi, basi. Ukimuuliza muuzaji atakuonyesha kichwa cha mbao, na kweli kichwani ni kijani, kwa sababu vichwa hunywa kirahisi. Wewe mwombe akate katikati. Niliwahi kufanya hivyo kwenye yadi moja, nikalipia mbao nzima kwanza ili asiwe na la kusema, nikapitisha msumeno kwenye futi ya sita. Ukijani ulikuwa na unene wa karatasi, ndani kweupe kama ugali wa sembe. Muuzaji aliyekuwa akiniita "bwana mdogo" akaanza kuniita "kaka".

Usidai kila chembe ya mbao iwe kijani. Kiini cha paini hakipokei dawa vizuri hata kwa presha. Lakini pembeni kote, kwenye sehemu ya nje ya mti, rangi iwe imeingia ndani hasa.

Ubaya mwingine wa paini hausababishwi na mti, unasababishwa na haraka yetu. Miti ikiachwa ikomae inatoa mbao nzuri. Lakini wakulima wengi wadogo wa nyanda za juu wana ada za shule na harusi, kwa hiyo paini ya miaka 8 au 10 inauzwa, mashine za dingdong zinaipasua palepale shambani, na wiki hiyo hiyo iko Morogoro inatiririka maji. Mbao ya mti mchanga ina pete pana na inatoka karibu na moyo wa mti, sehemu inayopenda kujinyonga. Angalia kichwa cha mbao. Ukiona kile kidoti cha moyo kiko katikati ya mbili kwa nne yako, iache, hata kama leo imenyooka. Itajipinda ikishakuwa juu ya nyumba. Na inyanyue. Paini mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito kuliko mbao yenyewe ikiwa kavu. Mbao kavu ya futi 12 naibeba kwa mkono mmoja nikiwa naongea na simu. Mbichi, naomba msaada. Yenye maji ipange kivulini, weka vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite, weka mzigo juu, uisubiri. Hili la kusubiri ndilo linalotushinda. Paa linasubiri mvua za masika, mwenye nyumba anasubiri bonasi, hakuna anayesubiri mbao.

Sasa mninga, ili nisionekane nina chuki nao. Sina. Kwa mlango, kitanda na meza ya kulia, ningepewa mninga mkavu ningeacha kazi nyingine zote. Unarandika vizuri, rangi yake ya kahawia inayoelekea wekundu haihitaji kupakwa kitu cha kuifunika, na sifa yake kubwa fundi yeyote atakwambia: ukishakauka hautikisiki. Hausinyai sana na hauvimbi sana. Mlango wa paini bovu utaupiga bega wakati wa masika na utaona mwanga pembeni yake wakati wa kiangazi. Wa mninga unafunga vilevile mwaka mzima. Ubaya wake ni vumbi. Ukiranda mninga kutwa bila barakoa, pua inawasha, na kuna mafundi ambao kifua kinawabana kabisa.

Ila mninga wenye sifa hizo ni kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi. Nje yake kuna weupe, na weupe wa mninga ni chakula. Hapa ndipo yale mabomba yanaporudi. Bungua, mdudu anayeacha unga laini chini ya kitanda, hutaga mayai ndani ya matundu ya mbao, na watoto wake wanaishi kwa wanga uliomo kwenye weupe. Paini haina matundu hayo, kwa hiyo bungua huyu haishughulikii. Umeona kituko? Mtu anakataa paini kwa kuogopa wadudu, anakwenda kununua kitanda cha "mninga" chenye weupe nusu nzima, kimepakwa vanishi nyeusi nyeusi kuficha mpaka wa rangi mbili. Baada ya muda unga unaanza kudondoka, anasema mninga wa siku hizi si kama wa zamani. Mti ni ule ule. Wa zamani fundi alikuwa anatupa weupe, leo gogo ni ghali na jembamba, hakuna anayetupa kitu.

Ukinunua kitanda, pindua chaga, angalia upande wa chini ambao vanishi haikufika. Rangi ya kiini na weupe utaiona hapo bila kuhitaji mtaalamu.

Na kuna karatasi. Mbao za msitu wa asili zinatakiwa ziwe na alama ya nyundo ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na hati ya kusafirishia, ile tunayoiita TP. Mninga huchukua miongo mingi mpaka ufae kuvunwa, hakuna shamba la kuziba pengo lake. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yalimwagika Dar es Salaam kwa kasi ambayo watu wa misitu wanaizungumzia mpaka leo, na mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku kusafirisha nje magogo ya misitu ya asili. Tangu mkutano wa mwaka 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, mninga, mkongo na mkangazi zote ziko kwenye orodha ya miti ambayo mbao zake hazivuki mpaka wa nchi bila kibali maalumu. Mpingo ulitangulia, mwaka 2017. Nina mteja wa Muscat aliyetaka nimtumie mbao tupu za mkongo akachongewe mlango hukohuko. Nilimweleza habari ya kibali, akaamua nimchongee hapahapa. Heri yangu.

Mkongo wenyewe, ambao watu wa Mombasa na Lamu wanauita mbambakofi, ndio chaguo langu la mlango wa nje unaopigwa na jua na mvua. Ni mgumu. Usijaribu msumari bila kutoboa, utaupinda. Mvule ni mzuri nao lakini unaficha mawe, na hapa simaanishi mafundo. Mti wenyewe hujitengenezea chokaa ndani ya shina, inaganda. Unapasua kwa amani, mara sauti ya msumeno inabadilika, cheche, na jino limekwenda. Mtiki una mafuta yake ya asili, haujali maji, na uzuri wake ni kwamba unapandwa, kwa hiyo Mtibwa kwetu na Longuza kule Muheza kuna mashamba yanayoendelea. Mpingo siugusi. Unapita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini, na wanaouweza ni Wamakonde wa vinyago na wale wanaotengeneza zumari za Ulaya, klarineti na obo. Huko Kilwa vijiji vinavuna mpingo wa misitu yao wenyewe kwa utaratibu, na misitu hiyo ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri.

Kuna mti mmoja unaovuruga hesabu ya wanaoamini kwamba mgumu ni ghali na laini ni rahisi. Mlingoti. Kitabuni ni mti mgumu, unakua haraka pengine kuliko paini, na bei yake ni ya kawaida kabisa. Nguzo za umeme zilizosambazwa vijijini nyingi ni milingoti ya nyanda za juu iliyotiwa dawa, na mirunda inayoshikilia zege la ghorofa nayo ni mlingoti. Ukiwa nguzo hauna mpinzani. Ukiupasua mbao ndipo vituko vinaanza. Shina la mlingoti limejibana kwa ndani, na msumeno ukipita unaliachia. Nimesimama mbele ya gogo bichi nikaona kichwa kinapasuka chenyewe, tap, nyufa zinatoka katikati kwenda pembeni, na mbao ya kwanza inainuka upande mmoja kabla hata haijamaliza kukatwa. Fundi anayekuuzia kitanda cha mlingoti akikiita "mkongo mweupe", mpe salamu zangu.

Kwa fanicha za ndani mimi natumia paini nyingi kuliko wenzangu wa mtaa huu. Kabati za jikoni, vitanda vya watoto vya ghorofa, shelfu za duka. Nachagua mbao zenye pete nyembamba na zisizo na moyo, nazikausha ndani ya karakana, na vifundo vinavyotoa utomvu navipaka sila kwanza ili rangi isije ikageuka njano. Mbao ya fanicha ya ndani siitaki yenye dawa ya kijani, kwa sababu mara nyingi dawa hiyo ina aseniki. Juu ya dari haina shida na mtu. Kitandani anapolala mtoto, au kwenye meza ya kukandia unga, hapana.

Kwa sababu hiyo hiyo karakana yangu ina mifuko miwili ya maranda. Ya paini safi wanachukua wafuga kuku, wanakuja asubuhi na bodaboda na huwa wanagombania. Yenye chembe za kijani haiuzwi wala haigawiwi. Mama ntilie wa jirani alikuwa anaokota vipande vya kenchi kwa ajili ya jiko, tena alivipenda kwa sababu ni vikavu. Nilimweleza kwamba moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu zaidi, akanitazama kwa mashaka, akidhani nataka kuviuza. Sasa namwekea vipande vya weupe wa mninga, nilivyokata kwenye miguu ya vitanda.